Sura na Ubaya katika Riwaya za Kigothiki za Uingereza

Saa tisa za usiku wa baridi, mtu mfupi anatembea kwa haraka katika mtaa wa London. Penye pembe ya njia anapambana na mtoto wa kike, anamkanyaga kwa utulivu, na anaendelea na safari yake huku mtoto akipiga kelele chini. Watu wanamkamata na kumlazimisha alipe pauni 100. Lakini Enfield, aliyekishuhudia kisa hicho, anapoulizwa na jamaa yake, wakili Utterson, mtu huyo ana sura gani, anashindwa kujibu. Anasema mtu yule ana kilema, ila hawezi kukitaja kiungo chenye kilema hicho. Anamwona mbele ya macho yake hata wakati ule anaposimulia, na bado hana neno la kumweleza.

Katika kisa cha Dakta Jekyll na Bwana Hyde, kilichotoka Januari 1886, Robert Louis Stevenson aliuweka uovu pale hasa ambapo ulimi wa shahidi unakwama. Wasomaji wa Kiswahili walimjua mwandishi huyu kwa Kisiwa chenye Hazina, na atakayemkumbuka Silver, haramia mchangamfu mwenye gongo, hatashangaa: Stevenson hakupata kuamini kwamba muovu hujitangaza kwa uso wake.

Mfasiri anayetaka kukitia kisa hiki katika Kiswahili hukumbana na neno moja lenye mitego. Kiswahili husema mtu ni mbaya kwa sura, na husema vilevile mtu ni mbaya kwa matendo. Isitoshe, mtu wa pwani akitaja mbaya wake, anamkusudia adui yake. Maana tatu zimelala kitanda kimoja: sura inayochukiza, roho iliyooza, na mtu asiyekutakia heri. Lipo neno uovu, nalo halihusiani na sura, lakini lina harufu ya mimbari, na Enfield si mtu wa mimbari. Mfasiri atakayeandika kwamba Hyde ni mbaya atakuwa ameshatoa hukumu ambayo kitabu kizima kinasita kuitoa. Na hukumu hiyo, kwamba sura na roho ni kitu kimoja, ndiyo iliyokuwa mgogoro mkubwa wa riwaya za kutisha katika miaka ya mwisho ya Malkia Victoria, aliyetawala kutoka 1837 hadi 1901.

Ulikuwa wakati wa kusoma nyuso. Mwaka 1876 daktari wa Kiitaliano, Cesare Lombroso, alitoa kitabu chake juu ya mhalifu, akidai kuwa wako watu waliozaliwa wahalifu na wanaotambulikana kwa taya, masikio na mapaji yao. Madai hayo yalikuja kukataliwa na wataalamu, lakini yalikwisha kuingia katika riwaya. Bram Stoker aliyapokea kwa mikono miwili. Katika Dracula, ya mwaka 1897, bwana wa ngome anaelezwa kiungo kwa kiungo: pua iliyopinda kama ya mwewe, nyusi zinazokaribia kukutana, masikio yenye ncha, meno yanayotokeza juu ya midomo, nywele katikati ya viganja. Baadaye Mina, mwanamke mwerevu kuliko wanaume wote wanaomlinda, anamtaja Lombroso kwa jina na kusema kwamba Dracula ni wa aina hiyohiyo ya wahalifu.

Kwa kutisha, Stoker hana mpinzani. Kwa kuuchungua uovu, ni dhaifu kuliko wenzake, maana uovu wake umetoka ng'ambo, umepanda jahazi, na dawa yake ni kuufukuza urudi kwao. Kitabu kimeundwa kwa shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti. Kila mtu ana kalamu isipokuwa mshitakiwa. Mahali pamoja tu, mwanzoni, ndipo anapopata kusema la moyoni: kwamba amejifunza Kiingereza vitabuni, na anachotaka ni kutembea London bila mtu kusita anapomsikia akisema na kumtambua kuwa mgeni. Maneno hayo angeweza kuyasema mhamiaji yeyote asiyeua mtu. Stoker anayapita haraka. Hayafai kwa kazi aliyomkusudia.

Nini hutokea watu wanapozoea kusoma uovu usoni? London ilipata kuona. Agosti 1888 kisa cha Jekyll na Hyde kilianza kuchezwa katika ukumbi wa Lyceum, ambao Stoker mwenyewe alikuwa meneja wake. Mwisho wa mwezi huohuo mwanamke mmoja aliuawa Whitechapel, kisha wengine. Magazeti yakamtaja Hyde, na shuku za watu zikawaangukia wageni wa mitaa ya mashariki, hasa Wayahudi. Muuaji hakujulikana hadi leo. Waliotazamwa vibaya njiani walijulikana.

Oscar Wilde aliugeuza mchezo. Dorian Gray, katika riwaya iliyotoka gazetini mwaka 1890 na kuwa kitabu 1891, ni kijana ambaye uzuri wake haudhuriki. Picha yake ndiyo inayozeeka na kuchafuka badala yake. Basil, aliyeichora, anamwambia kwamba dhambi hujiandika usoni mwa mtu na haifichiki. Ni imani ya mchoraji, na inamgharimu roho yake: anachomwa kisu mbele ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Hata hivyo Wilde hakuthubutu kwenda hadi mwisho. Uzuri wa Dorian ni wa mkakasi, lakini picha iliyofichwa darini ni ya kuchukiza, na kila dhambi imeacha alama yake juu ya kitambaa. Lombroso ametolewa mlangoni akarudi kwa dirishani. Na mwaka 1895 wakili wa upande wa pili alimsomea Wilde riwaya hiyo mahakamani, kana kwamba kitabu nacho ni uso.

Stevenson naye hakutoka safi. Asubuhi moja Jekyll anaamka na kuuona mkono wa Hyde juu ya shuka, na mkono huo una weusiweusi na nywele nyingi. Rangi imeazimwa kutoka chuki za wakati wake. Hilo ni doa. Lakini kisa chenyewe kinalipinga doa hilo. Hyde ni mdogo wa umbo kwa sababu upande huo wa Jekyll haukuwa umetumika sana, na kila anapoachiwa hukua. Jekyll anapomtazama kiooni kwa mara ya kwanza hachukizwi, bali humkaribisha kama jamaa. Na mwishoni anakutwa sakafuni, amekufa, ndani ya nguo za daktari zinazompwaya. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga. Stevenson ameionyesha maana hiyo kwa kitambaa na vifungo.

Iko sehemu moja katika maungamo ya Jekyll inayomtia mfasiri jasho. Anasimulia usiku aliotangatanga akiwa na umbo la Hyde, anasema yeye, kisha anakatiza na kukiri kwamba hawezi kusema mimi. Katika Kiingereza akishalitamka jina au kiwakilishi mara moja, vitendo vinavyofuata huweza kupita bila mwenyewe kutajwa. Kiswahili kina maficho machache zaidi. Alitembea au nilitembea, akinong'ona au nikinong'ona: kitenzi chenye kiambishi cha nafsi hudai mwenyewe, na mfasiri, mara kwa mara, lazima aamue ni nani aliyekuwa njiani usiku ule.