Risasi Inayopatana na Mtutu

Kabla Kibera haijawa mtaa wa mabati, ilikuwa ardhi ya watu wa bunduki. Askari Wanubi wa King's African Rifles, wenye asili ya Sudan, waliruhusiwa kukaa katika msitu uliokuwa hapo pamoja na familia zao mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikautangaza rasmi kuwa eneo la jeshi, ekari 4,197. Wajukuu wao wangali Makina na Lindi, na kambi ya jeshi ya Lang'ata ni jirani hadi leo. Lakini bunduki katika mitaa yetu ya Nairobi, kuanzia Kibera hadi Kawangware, hutajwa kwa vita au kwa hofu tu. Ipo kazi nyingine ya bunduki isiyomdhuru mtu, nayo inastahili kusimuliwa: kazi ya mlenga shabaha anayetafuta risasi inayopatana na bunduki yake.

Nazungumzia bunduki ndogo ya .22. Risasi yake, inayoitwa Long Rifle, ilitoka Marekani mwaka 1887 kwa kampuni ya Stevens, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Kichwa chake ni cha madini ya risasi, kipenyo kiasi cha milimita 5.6, uzito gramu 2.6 hivi. Fataki yake haikai katikati ya kitako cha ganda kama kwenye risasi za bunduki kubwa. Imetandazwa ndani ya ukingo wa kitako, na nyundo ya bunduki inapoubonda ukingo huo, moto huwaka. Ganda likishabondwa, ndiyo mwisho wake.

Hapo ndipo kazi yote inapoanzia. Mlengaji wa bunduki kubwa anaweza kuokota maganda yake, akaweka fataki mpya, akapima baruti punje kwa punje mezani kwake hadi apate mchanganyiko anaoutaka. Mwenye .22 hana nafasi hiyo. Baruti, fataki, nta iliyopakwa juu ya kichwa, vyote vimeamuliwa kiwandani na watu asiowajua. Alichobakiziwa ni kuchagua, na kuchagua huko amekugeuza kuwa ufundi kamili.

Shabaha ya mashindano ya kimataifa iko mita 50, na duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4. Katika shindano la kulala kifudifudi, lililokuwamo kwenye Olimpiki ya wanaume hadi Rio 2016, mlengaji alipaswa kupiga risasi 60. Mkono ukitulia na jicho likiona sawasawa, bado risasi yenyewe inaweza kumwangusha. Risasi mbili zilizotoka katika pakiti moja zikipishana mwendo kwa mita 10 kwa sekunde, ile ya polepole itagonga chini ya mwenzake kwa karibu milimita 8. Mlengaji hakukosea chochote, na alama imeshapotea.

Basi kwa nini asinunue tu ile ya bei ghali? Kwa sababu mtutu haujui bei. Bunduki mbili za kiwanda kimoja, za mwaka mmoja, zenye namba zinazofuatana, hutofautiana kwa visehemu vya milimita katika chumba cha risasi, katika mifereji inayokizungusha kichwa, na katika namna chuma kinavyotetemeka mlipuko unapokipitia. Risasi nazo hutofautiana. Jina moja, rangi moja ya pakiti, lakini bechi iliyotoka mashineni Januari si ile ya Juni. Ndiyo maana viwanda vinavyoheshimiwa, kama Eley wa Birmingham, RWS wa Ujerumani, na Lapua ambao risasi zao za .22 hutengenezwa Schönebeck, huchapa namba ya bechi kwenye kila pakiti. Eley huongeza na mwendo wa bechi hiyo. Walengaji wakubwa wa Ulaya husafiri na bunduki zao hadi kwenye vyumba vya majaribio vya viwanda hivyo. Bunduki hubanwa kwenye jiliwa, wakapiga bechi baada ya bechi, wakarudi nyumbani na ile iliyowashinda wenzake.

Mlengaji wa Nairobi hana chumba hicho. Hununua kwa muuzaji mwenye leseni kile kilicholetwa nchini, na cheti chake chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humwekea kikomo cha risasi anazoruhusiwa kuwa nazo. Kwa hiyo hawezi kupoteza hata moja kwa pupa. Anachukua pakiti moja moja ya kila bechi iliyopo dukani, risasi 50, na kwenda nazo renji asubuhi upepo ungali umelala.

Mtazame anavyofanya kazi. Akibadilisha aina ya risasi, kumi au ishirini za kwanza hazihesabiwi, kwa sababu mtutu ungali umepakwa nta ya risasi zilizotangulia na unahitaji kuzoea nta mpya. Mtu asiye na subira huipima bechi kwa risasi hizo hizo za mwanzo na kuitupilia mbali bechi njema. Kisha anapiga kundi la kumi. Si tano. Risasi tano zinaweza kuingia tundu moja kwa bahati, na mtu akaondoka renji akiamini amepata hazina. Kumi husema kweli zaidi, na makundi matatu ya kumi, yaliyopigwa bila haraka, husema kweli ambayo unaweza kuiamini. Karatasi hutolewa, hupimwa kwa milimita kutoka tundu la mbali hadi la mbali, na kuandikwa tarehe, namba ya bechi, saa, na hali ya upepo.

Siku nyingine anarudi na bechi zile zile, safari hii akigeuza mpangilio, iliyokuwa ya mwisho ikawa ya kwanza. Hataki uchovu wake au jua la saa nne viamue badala ya risasi. Huo uaminifu ndio unaonivutia kuliko alama yoyote ubaoni: mtu anajikagua mwenyewe ili asije akaisingizia risasi kosa la bega lake.

Yapo ya Nairobi pia. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na upepo ule ule huisukuma risasi kidogo zaidi pwani kuliko huku. Baridi ya Julai nayo huigandisha nta na kuipunguzia baruti kasi, kwa hiyo bechi iliyochaguliwa kwenye joto la Februari yafaa ijaribiwe tena. Risasi za kasi kubwa, zinazotoka kwa mita 380 kwa sekunde au zaidi, zafaa ziachwe. Huanza zikiwa mbele ya sauti, kisha hupungua hadi kuvuka mpaka huo njiani, na mvuko huo huziyumbisha. Za mashindano huwekwa karibu mita 325 kwa sekunde makusudi, zibaki chini ya mwendo wa sauti tangu mwanzo hadi mwisho.

Wako wanaopima kila risasi kwenye mizani, au kupima unene wa ukingo wa kila ganda, wakizipanga kwa mafungu. Kwa risasi za bei nafuu hilo husaidia kuondoa zile mbovu kabisa. Kwa bechi nzuri, kwa maoni yangu, faida yake ni ndogo, na jioni hiyo ingetumika vyema zaidi kwa mazoezi. Hata hivyo siwezi kuwalaumu. Mtoto mwenye manati Kibera huziruka kokoto za reli zenye pembe na kutafuta kijiwe cha mviringo, kisha kingine kinacholingana nacho, kwa sababu ameshaona kwa macho yake kwamba vinavyofanana huenda mahali pamoja.

Mwishoni huchaguliwa bechi ipi? Wengi hukimbilia ile iliyotoa kundi dogo kuliko yote. Fundi huangalia kundi baya kuliko yote la kila bechi, na kuchukua ile ambayo ubaya wake ni mdogo. Mara nyingine hiyo ni ya bei ya kati, naye hujivunia bila haya. Akishaijua, hununua kiasi chote ambacho cheti kinaruhusu, maana bechi ikiisha sokoni hairudi, na kazi huanza upya.

Kazi hii si lazima ianze na baruti. Ipo bunduki ya upepo ya mita 10, na huko pia uchaguzi ni ule ule: vigololi vya milimita 4.5 huuzwa kwenye makopo yaliyoandikwa 4.49, 4.50 au 4.51, navyo hujaribiwa kopo kwa kopo hadi mtutu upate vya kwake, kwa kuwa alama kumi ni nukta ya nusu milimita tu. Mchezo huo unahitaji ukumbi wa mita kumi na kidogo, ukuta imara wa kuzuia vigololi, mwalimu na usimamizi wa sheria. Kumbi za urefu huo zipo Kibera na zipo Kawangware. Wanaosimamia mchezo wa shabaha nchini, pamoja na Kaunti ya Nairobi, waulete huko, chini ya leseni na macho ya walimu, na vijana wetu wafundishwe kupima kabla ya kufundishwa kushinda.