Heko kwa Wapuliza Filimbi wa Mtaa

Shoti ya umeme haingoji kikao. Saa nane za usiku, kwenye mitaa ya Dar es Salaam iliyobanana hata gari la zimamoto halipiti, anayeamsha watu ni kijana wa ulinzi shirikishi. Hupuliza filimbi, hugonga mageti kwa rungu, na kutaja mahali penyewe: "Moto, moto! Nyumba ya pili baada ya msikiti! Leteni mchanga!" Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Anajua nani ana usingizi mzito, bibi yupi hawezi kutembea, na nani anatunza ufunguo wa geti la uchochoroni. Kundi la WhatsApp la mtaa husaidia sana mchana, lakini usiku wengi wetu huzima sauti za simu.

Kazi hii ina mizizi. Usukumani, mwano, yaani ukelele wa kuomba msaada, ulipopigwa, kila aliyeusikia alipaza naye na kukimbilia ulikotokea; aliyejifungia ndani alitozwa faini. Ndiyo nguvu waliyoitumia Sungusungu, walinzi wa vijijini, dhidi ya wezi wa ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Heko kwenu, vijana, nanyi mabalozi wa nyumba kumi mnaowapanga zamu. Mnastahili zaidi ya michango ya kusuasua.

Ndugu msomaji, mchango wa ulinzi ukifika mlangoni, toa bila kuzungushana. Na namba ya Zimamoto, 114, iandike ukutani leo.