Mizani ya Kisanduku

Yako mambo yapimwayo kwa ukubwa, na yako yapimwayo kwa ustadi. Setilaiti ndogo zibuniwazo na wanafunzi wa vyuo vikuu ni za fungu la pili, na mtu azihukumuye kwa udogo wake huzionea.

Mwaka 1999 Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, waalimu wa vyuo vikuu viwili vya California, waliweka sharti: chombo kiwe mchemraba wa sentimita 10 kila upande, na uzito wake uwe kama kilo 1. Sharti hilo, msomaji, ni kama vina na mizani kwa mshairi. Humbana mtunzi, lakini humfundisha kuacha kila kisichofaa. Tena, kwa kuwa visanduku vyote ni vya kipimo kimoja, huweza kupanda pamoja katika roketi yenye mizigo mingine, na nauli ikagawanywa. Hiyo ndiyo asili ya unafuu wake.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo walijenga XI-IV kwa vifaa vya kawaida vya madukani. Ilirushwa kutoka Plesetsk, Urusi, tarehe 30 Juni 2003, ikapiga picha za dunia, na ilidumu kupeleka habari kwa zaidi ya miaka 10.

Hata hivyo mhakiki hana budi kutaja kasoro. Setilaiti nyingi za wanafunzi zilinyamaza mara zilipofika angani, kwa kuwa aghalabu muda mwingi ulikwenda katika kujenga, ukasalia mchache wa kujaribu. Nasi watazamaji twazidisha kosa: twashangilia siku ya kurushwa, wala siku ya pili hatuulizi habari. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Basi tuipimeje 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, setilaiti ya kwanza ya Kenya, iliyoachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani tarehe 11 Mei 2018? Wajapani waliipa nafasi, na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma kilishirikiana nayo. Kukiri hayo si aibu. Chombo chenyewe kimekwisha kushuka na kuteketea. Kilichosalia ni ujuzi wa waliokijenga, na hapo ndipo penye hukumu.

Kwa hiyo utakapoambiwa ya kuwa wanafunzi wamerusha setilaiti, uliza mambo matatu: ilileta habari gani, kwa muda gani, na ni wangapi kati yao wawezao kujenga ya pili?