Tundra Baada ya V8: Injini Ileile, Nusu Imo Orodhani

Kwa toleo la 2022, Toyota iliiondoa V8 ya lita 5.7 kwenye pikapu yake ya Tundra na kuweka V6 ya lita 3.4 yenye turbo mbili. Mwishoni mwa Mei 2024 ikatangaza wito wa kurejesha magari yapatayo 102,000 nchini Marekani, Tundra pamoja na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa sababu injini zake zingeweza kunoki zikiwa barabarani. Tangu hapo, kila anayetaka kuachana na Tundra yake ya zamani achukue mpya anauliza swali moja: gari hili limo kwenye orodha au halimo? Swali hilo halitoshi. Orodha ile iliandikwa kwa ajili ya usalama barabarani, na mnunuzi anataka kujua jambo jingine kabisa: injini itadumu?

Tuanze na kilichoachwa. V8 ile, 3UR-FE, ilikaa ndani ya Tundra kuanzia 2007 hadi 2021. Haikuwa na turbo, ilitoa nguvu za farasi 381, na gia zake zilikuwa sita tu. Ilikuwa mlafi: ya magurudumu yote manne kuvuta ilikwenda takriban kilomita 6 kwa lita moja ya petroli. V6 mpya, kwenye gari la aina hiyohiyo, inafika 8 hivi. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa ikikaza viwango vya matumizi ya mafuta mwaka hadi mwaka, na mlafi wa namna hiyo hakuwa na maisha marefu tena. Ukisoma karatasi ya mauzo utadhani hakuna kilichopotea: farasi 389 badala ya 381, gia kumi badala ya sita, na nguvu ya kuzungusha imepanda kutoka nyutoni-mita 543 hadi 649.

Sasa zigawe namba hizo kwa idadi ya silinda. Kwenye V8, kila silinda ilichangia nyutoni-mita 68 hivi. Kwenye V6, kila moja inabeba 108. Zaidi ya hapo, V8 ilifika kilele chake krenki ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, wakati V6 inakifikia kwenye 2,400. Dereva anaipenda tabia hiyo, maana gari linavuta mapema bila kupiga kelele. Krenki ina maoni yake.

Krenki ya injini nzima hailali juu ya chuma. Inaelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele, na kinachoujenga utando huo ni mzunguko wenyewe: krenki inapozunguka huikokota oili na kuibana kati yake na beringi. Mzunguko ukipungua, utando nao hupungua. Pistoni ikisukuma kwa nguvu kubwa wakati krenki bado inazunguka polepole, utando unabanwa kutoka pande zote mbili. Kwa injini iliyotengenezwa sawasawa hilo si tatizo. Malori ya dizeli yanaishi hivyo kila siku. Ila nafasi ya makosa imekuwa ndogo, na uchafu ambao ungepita bila kuleta madhara kwenye injini isiyo na turbo, hapa unaweza kukwama.

Na uchafu ndio uliopita. Bloku la injini huchongwa na kutobolewa na mashine, na kila tundu la oili linalotobolewa huacha chembe za chuma ambazo lazima zioshwe kabla injini haijafungwa. Toyota ilieleza kwamba baadhi ya injini zilitoka kiwandani chembe zikiwa hazijaondolewa zote. Chembe ikibebwa na oili hadi kwenye beringi kuu inaweza kugandana nayo, na gari likiendelea kubebeshwa kazi nzito, beringi inaharibika. Kwanza injini inagonga kwa chini, kisha inatetemeka. Mwisho wake haiwaki, au inapoteza nguvu gari likiwa katika mwendo.

Wengi waliishika sehemu ya chembe wakaishia hapo. Maelezo yaleyale ya kampuni yalitaja pia kwamba shinikizo juu ya beringi linatokana na muundo wa injini hii. Kwa hiyo sababu zilikuwa mbili zilizokutana, uchafu na mzigo. Lexus LS 500, gari la saluni, lilianza kutumia injini ya familia hii tangu mwaka wa modeli 2018 na halikuingizwa kwenye wito huo. Ila saluni haivuti trela. Tundra imeidhinishwa kuvuta karibu tani 5.4.

Julai 2024 ikatoka dawa: kubadilisha injini kwenye magari yote yaliyoitwa. Haikuwa kukagua kwanza na kubadilisha zilizoonyesha dalili. Nionavyo mimi, kampuni haiingii gharama ya injini laki moja ikiwa ina njia ya kuaminika ya kutambua ipi ina chembe na ipi haina. Halafu Novemba 2025 ukaja wito wa pili, wa magari kama 127,000, safari hii ukigusa na modeli za 2024 pamoja na Lexus GX 550. Mpaka uliochorwa mara ya kwanza ulikuwa mfupi mno.

Hapo ndipo anayeitamani TRD Pro anapaswa kusimama kidogo. TRD Pro ndiyo Tundra ya mbio za vumbi, yenye shokabzoba za Fox, nguvu za farasi 437 na nyutoni-mita 790, na tangu 2022 inauzwa kwa mfumo wa haibridi pekee. Mota ya umeme imewekwa kati ya injini na gia boksi, na injini yenyewe ni V6 ileile. Hata hivyo matoleo ya haibridi hayakuitwa Marekani. Sababu iliyotolewa haikuwa kwamba beringi zake ni bora zaidi. Ni kwamba injini ikizima, mota bado inaweza kulisogeza gari umbali mfupi, kwa hiyo dereva haachwi katikati ya barabara kuu. Kwa mtu wa usalama hiyo ni hoja nzito. Kwa anayelipa fundi, injini iliyonoki ni injini iliyonoki, hata kama gari limejikokota lenyewe hadi pembeni.

Jambo hili linawahusu pia wanunuzi wa huku kwetu. Pikapu za Kimarekani zina usukani wa kushoto, kwa hiyo wateja wake wa Afrika wapo zaidi nchi zinazoendesha kulia, Kongo ikiwamo. Kabla ya kutuma pesa, ingiza herufi na tarakimu 17 za namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, hailipishwi. Kama wito bado uko wazi, dai matengenezo yafanyike kabla gari halijapanda meli. Na kama ni haibridi, jibu safi la tovuti halikuambii lolote kuhusu beringi. Omba kumbukumbu za kubadilisha oili, na ikiwezekana mtu wako aliyeko huko aifungue filta, akunjue karatasi yake na kuimulika kwa tochi. Mng'aro kama wa pambo la sherehe ni sababu ya kuacha biashara hiyo.

Mwongozo wa Toyota unaruhusu kubadilisha oili kila maili 10,000, yaani kama kilomita 16,000. Kwa injini hii ningebadilisha katika nusu ya umbali huo. Dhamana ya injini Marekani ni miaka 5 au maili 60,000, kutegemea kipi kitangulie, na TRD Pro za kwanza za 2022 zinafika ukingoni mwake mwaka 2027. Mwenye V8 ya 2021 isiyovuja, anayevuta trela kila wiki, sioni kinachomharakisha. Akibanwa kweli, achukue ya 2025. TRD Pro ya 2022 inayouzwa kwa bei ya kuvutia ningeigusa tu ikiwa na karatasi za injini iliyokwisha kubadilishwa.