Padri Tempels na tamaa ya kuachwa

Katika mafungo yetu twasikia mara nyingi neno hili: acha tamaa, jitoe kwa Mungu, nawe utapata amani ya moyo. Neno ni la kweli. Lakini iachwe tamaa gani? Sisi wa Kamina tunaye mtu aliyejibu swali hili kwa maisha yake, kisha akaandika: Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, aliyefika Kongo mwaka 1933 na kufanya kazi katika nchi yetu hii. Kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu, kilichotoka Elisabethville mwaka 1945, mafratri wote wanakijua, sababu wanaulizwa katika mtihani. Sisi leo twataka kusema juu ya kile kidogo, Notre rencontre, yaani Kukutana kwetu, kilichotoka Léopoldville mwaka 1962. Kwetu sisi ndicho kinachozidi.

Humo Padri anaungama jambo gumu. Kwa miaka kumi hivi alikuwa bwana: yeye kusema na kuamuru, watu kusikiliza. Angalieni, ndugu: mtu huyu alikuwa amekwisha kuweka nadhiri. Mali ameacha, mke na watoto ameacha, mapenzi yake ameyatia mikononi mwa wakubwa wake. Hata hivyo tamaa moja ilibaki salama chini ya kanzu, tamaa ya kuwa juu ya watu. Siku alipoanza kuwauliza watu wao ni nani na wanatamani nini, ndipo yule bwana alipoanza kufa ndani yake, na ndipo alipoonja furaha ya upadri wake.

Hapa kitabu kinatuchoma. Sisi mapadri wa nchi tulirithi kiti kile pamoja na nyumba ya misioni, na tunakikalia vizuri sana.

Watu walimwonyesha kwamba wanatamani uzima, uzazi na mapendo. Yeye hakuwaambia waache. Aliona kwamba tamaa hizo tatu zinaelekea kwa Kristu mwenyewe. Zikawa mafundisho ya Jamaa, iliyozaliwa Kolwezi kati ya wafanyakazi wa migodi katika miaka ya 1950, bwana na bibi wakiingia pamoja.

Tuungame na sisi. Mama mmoja asiye na mtoto alikuja kwetu analia. Tulimwambia, «Mama, uache tamaa hiyo, ujitoe kwa Mungu.» Akajibu, «Ndiyo, baba,» akaenda zake. Mwenye kujua Waluba anajua tulimwomba nini: auache uzima wenyewe, sisi ambao hata kiti hatujakiacha! Bwana Yezu kule Getsemani alimwambia Baba kwanza anachotamani, kikombe kiondoke. Halafu ndipo alipojitoa. Mama yule tulimnyima neno la kwanza, tukamdai la pili.

Lakini kitabu kina upungufu wake. Furaha ya kukutana imeandikwa kwa moto mwingi. Msalaba, kwa kipimo chetu, umepata maneno machache. Na yule ambaye uzazi hauji kamwe, atashika nini? Jibu la kwamba atazaa kwa roho ni zuri, lakini linatoka upesi mno mdomoni mwa mtu asiyelala na uchungu ule. Tena ubwana haufi mara moja. Padri anayependwa sana aweza kuwa bwana mara ya pili, bwana mtamu, na huyu ni mgumu kuliko wa kwanza kumfukuza. Padri Tempels alirudi Ulaya mwaka 1962, akafa mwaka 1977. Nyuma yake wengine katika Jamaa walishikamana na baba zao wa roho kupita Kanisa, hata maaskofu wakalazimika kuingia kati.

Tulipokwisha kusoma tulikwenda kwa mama yule, nyumbani kwake, tukaketi. Tulimwuliza anatamani nini. Alisema muda mrefu, na shauri la mtoto halikuja kwanza.