Ukimya Usiosajiliwa: Uhakiki wa Vigezo vya Kuchagua Mfumo wa Kufuatilia Hitilafu kwa Mfano wa Programu Huria ya AfyaData, Morogoro

Utangulizi

Sehemu hii inahakiki vigezo vinavyotumika kuchagua mfumo wa kufuatilia hitilafu za programu huria, kwa kuvipima dhidi ya mfano wa AfyaData. Hii ni programu ya simu janja iliyoundwa na SACIDS, kituo chenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, juu ya msingi wa programu huria ya ODK. Watoa taarifa wa jamii huitumia kujaza fomu kuhusu dalili za magonjwa ya watu na mifugo, na fomu hizo huwafikia wataalamu. Hoja kuu ni kwamba vigezo vilivyozoeleka humtazama anayerekebisha hitilafu na kumsahau anayekutana nayo kwanza.

Vigezo vilivyozoeleka

Ulinganisho wa kawaida huweka mifumo katika jedwali na kuhesabu uwezo wa kila mmoja. Bugzilla, iliyotolewa na mradi wa Mozilla mwaka 1998, husifiwa kwa kuwa huria na kwa kuweza kusimikwa kwenye seva ya taasisi yenyewe. Jira ya kampuni ya Atlassian, iliyoanza mwaka 2002, husifiwa kwa wepesi wa kupangilia hatua za kazi. GitHub, iliyoanza mwaka 2008, huweka tiketi, yaani kumbukumbu ya kila hitilafu, mahali pamoja na msimbo.

Udhaifu wa kwanza wa jedwali la namna hii ni kwamba halina safu ya muda. ODK ilihifadhi msimbo na tiketi zake Google Code, huduma iliyofungwa Januari 2016, na mradi ukahamia GitHub. Atlassian nayo ilisitisha huduma kwa toleo la Jira la seva Februari 2024. Kwa hiyo, kigezo cha kuweza kuondoka na kumbukumbu zote kina uzito kuliko wingi wa vitufe.

Kigezo cha pili kinachostahili kubaki ni ukaribu na chimbuko. Hitilafu inayoonekana katika AfyaData inaweza kuwa imerithiwa kutoka ODK. Tiketi iliyo GitHub huunganishwa moja kwa moja na tiketi ya chimbuko, na marekebisho huwanufaisha wote. Kwa kigezo hiki GitHub inaitangulia Bugzilla.

Pengo la vigezo

Hata hivyo, vigezo hivyo vyote huanza kufanya kazi baada ya tiketi kufunguliwa. Achukuliwe mtoa taarifa aliye Kinole, Matombo au Mgeta, katika miteremko ya Uluguru. Migongo ya milima huzuia mawimbi ya simu. Fomu hujazwa, huhifadhiwa katika simu, na hutumwa mtandao unapopatikana. Fomu isipofika, aliye Morogoro mjini haoni kosa lolote, anaona ukimya. Ukimya huo unaweza kumaanisha kwamba mbuzi ni wazima, au kwamba programu imekwama. Mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa 2006–2007, ambao ulifika pia mkoani Morogoro, unaonyesha gharama ya kuchanganya hali hizo mbili: ugonjwa hausubiri tiketi ifunguliwe.

Bugzilla na GitHub zote hudai akaunti yenye barua pepe, na kurasa za GitHub hazina Kiswahili. Kuweka kitufe cha kuripoti hitilafu ndani ya AfyaData kungeonekana suluhisho, lakini ripoti ingepita njia ileile iliyoharibika. Aidha, mfumo unaorekodi saa ya kufunguliwa kwa tiketi pekee hupotosha: hitilafu ya Jumatatu iliyoripotiwa Ijumaa huonekana changa.

Upo pia upande wa faragha. Picha ya skrini iliyokwama inaweza kuonyesha jina la mgonjwa. Katika hazina ya wazi ya GitHub, tiketi moja moja haiwezi kufichwa. Bugzilla huruhusu hilo kwa makundi ya watumiaji. Kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika Tanzania, hoja hii haiwezi kuachwa kama jambo la ladha.

Hitimisho

Uhakiki huu unapendekeza GitHub kwa tiketi za msimbo, kwa sharti kwamba itanguliwe na dawati la mapokezi linalopokea simu na ujumbe mfupi kwa Kiswahili. Dawati hilo litaondoa taarifa binafsi, litaandika tarehe ya tukio mbali na tarehe ya ripoti, na litatenganisha hitilafu ya msimbo, ya fomu na ya tafsiri. Msamiati wa kazi hiyo unawezekana: Jambo OpenOffice, iliyotafsiriwa kupitia mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mwaka 2004, ilithibitisha kwamba Kiswahili hubeba istilahi za kompyuta. Dawati lina gharama ya mtumishi, ambayo jedwali la ulinganisho haliionyeshi. Bila dawati hilo, idadi ndogo ya tiketi zilizo wazi haiwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa ubora wa programu, wala ukimya wa kijiji kuwa ushahidi wa afya yake.