Ukuta wa Wiki Tatu

Anayetaka kujua ni kiasi gani cha fenoli za kitunguu kinachovuka utumbo na kuingia kwenye damu, kazi yake ya kwanza ni kuotesha ukuta. Huchukua seli za Caco-2, zilizotokana na saratani ya utumbo mpana ya mgonjwa mmoja na ambazo zimekuwa zikikuzwa maabarani tangu miaka ya 1970, akazipanda juu ya kichujio chembamba kilichoning'inizwa ndani ya kikombe. Kisha hungoja. Joto ni nyuzi 37, maji ya lishe hubadilishwa kila baada ya siku mbili tatu, kwa wiki tatu hivi. Zikishabanana, seli hizo huacha kugawanyika, zikaota vinyweleo upande wa juu na kushikana ubavu kwa ubavu. Zimetoka utumbo mpana, lakini sasa zinafanana na za utumbo mwembamba!

Mwenye pupa angemimina fenoli zake hapohapo. Fundi hupima kwanza kama ukuta unavuja, maana hata kalafati ya jahazi haisifiwi kabla chombo hakijaingia majini. Huweka ncha moja ya umeme juu ya seli na nyingine chini yake, akasoma ukinzani. Halafu hutia rangi ya manjano ing'aayo ambayo ukuta mzima hauipitishi. Ikionekana chini, kikombe hutupwa, na wiki tatu zimekwenda. Mimi uhodari wa kazi hii nauona hapo, kwenye kutupa.

Sasa fenoli yenyewe. Kwesetini ya kitunguu huja imebeba glukosi. Utumboni, laktasi, kimeng'enya kilekile kinachokata sukari ya maziwa, huikata glukosi hiyo, na kwesetini ikapenya utando wa seli. Ndani inabandikwa asidi ya glukuroni au salfeti. Pampu za seli hurudisha sehemu yake utumboni, na nyingine husukumwa kwenye damu. Kwa hiyo mpimaji makini hapimi chini tu. Hupima juu, chini na ndani ya seli, kisha hurudia jaribio kinyumenyume. Ikivuka kwa kasi zaidi kutoka chini kwenda juu, anajua kuna pampu inayoitoa.

Lakini Caco-2 zina laktasi kidogo mno, na kwesetini yenye glukosi ilionekana ndani yake kama isiyovuka. Binadamu walikuwa wameonyesha vingine. Mwaka 1995, Peter Hollman na wenzake, Uholanzi, waliwapa vitunguu watu tisa waliokwisha kuondolewa utumbo mpana, wakapima kilichobaki mwishoni mwa utumbo mwembamba. Kwa hesabu yao, asilimia 52 ya kwesetini ya vitunguu ilikuwa imefyonzwa. Ile isiyo na sukari kabisa, asilimia 24. Rutini, yaani kwesetini yenye sukari mbili ambazo laktasi haizikati, asilimia 17. Kwa mtu mwenye utumbo kamili, rutini husubiri bakteria wa utumbo mpana, ndiyo maana huchelewa kwa saa nyingi kujaa kwenye damu, ilhali ya kitunguu haimalizi hata saa moja.

Basi ukisoma kwamba fenoli fulani imevuka Caco-2, tafuta kwanza kipimo cha ukinzani. Kisipokuwepo, usihangaike na matokeo.